Mdhamini wa Wanja: Urembo wa Bei Nafuu katika Jadi Tatu

Katika maduka ya vipodozi ya Kariakoo jijini Dar es Salaam, na yale ya Mtaa wa Dubois jijini Nairobi, mara nyingi rangi mbili za mdomo hukaa kwenye rafu moja. Ya kwanza imeandikwa jina kubwa la Marekani, jina linalojulikana hata na asiyepaka kitu, ila inauzwa kwa bei isiyotosha kununua hata boksi la ile ya kweli. Ya pili ina jina geni. Boksi lake halina mbwembwe, na bei yake ndogo ndiyo bei yake ya siku zote. Wanunuzi wengi huchukua ya kwanza. Wanashuku kwamba ni feki, lakini jina lina uzito, na chapa ya bei ya chini inaonekana aibu kuitoa mkobani mbele ya watu.

Naliona chaguo hilo kuwa kosa, tena kosa linaloumiza ngozi. Chanzo chake ni imani tuliyoizoea bila kuipima, kwamba katika vipodozi bei ndiyo shahidi: cha ghali ni salama, cha bei nafuu ni sumu. Methali yetu inasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara hii kizuri na kibaya vyote vinajitembeza, tena kwa mabango, na mnunuzi hana budi kutafuta kipimo kingine.

Nakitafuta kipimo hicho kwa kulinganisha jadi tatu: ya pwani ya Waswahili, ya Japani, na ya Marekani na Ulaya. Zote zimekuwa na urembo wa gharama ndogo, na zote zimewahi kupaka sumu usoni. Kila moja pia ililazimika kujibu swali moja: mwanamke asiye na fedha nyingi atajuaje kwamba anachojipaka hakitamdhuru? Majibu yao yanatofautiana, na ndani ya tofauti hizo mna somo ambalo soko letu la leo linalihitaji.

Sumu haikuchagua mfuko

Hoja ya kwanza ya wanaodharau chapa za bei ya chini ni usalama. Historia haiwaungi mkono. Katika karne ya 16, matajiri wa Ulaya walijipaka poda nyeupe iliyoitwa serusi ya Venisi. Ilikuwa anasa ya watu wa kasri, nayo ilitengenezwa kwa madini ya risasi yaliyoachwa kwenye mvuke wa siki hadi yakafanya unga mweupe. Aliyelipa zaidi alipata risasi safi zaidi.

Japani nayo ilikuwa na poda nyeupe, oshiroi, na iliyosifiwa kuliko zote ilikuwa ya risasi, kwa sababu ilishika ngozi vizuri na kutandazika bila mabaka. Mwaka 1887 mwigizaji mashuhuri wa kabuki, Nakamura Fukusuke wa Nne, alishikwa na mtetemeko jukwaani mbele ya Mfalme Meiji. Alikuwa amedhurika na risasi ya poda aliyojipaka miaka yote ya kazi yake. Poda isiyo na risasi iliingia sokoni mwanzoni mwa karne ya 20, lakini ile ya zamani haikuondoka mpaka miaka ya 1930. Waliojua hatari yake waliendelea kuipaka kwa kuwa ilipendeza.

Kwetu pwani palikuwa na wanja wa manga, jiwe la kung'aa lililosagwa na kuletwa kutoka Arabuni. Mara nyingi jiwe hilo ni galena, yaani risasi iliyoungana na salfa. Limepakwa machoni mwa mabibi harusi, wanaume na hata watoto wachanga, katika nyumba za matajiri na za maskini. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani hairuhusu wanja wa aina hiyo kuuzwa kama kipodozi, kwa sababu ya risasi iliyomo. Kwa upande mwingine, kajali, wanja wa India uliopikwa nyumbani kwa masizi ya taa na samli, haukuhitaji jiwe lolote, na gharama yake ilikuwa ndogo.

Katika mifano yote mitatu sumu ilitoka kwenye malighafi, na malighafi hiyo ilipendwa kwa sababu ya uzuri wake. Bei haikumkinga mtu. Wakati mwingine ndiyo iliyomsogeza karibu zaidi na madhara.

Ubunifu wa wasio na kitu

Kuna jambo la pili ambalo dharau hulificha: mbinu nyingi zinazouzwa leo kwa majina makubwa zilibuniwa na wanawake waliokuwa wakibana matumizi.

Mwanzoni mwa karne ya 19, katika mji wa Edo ambao leo ni Tokyo, rangi ya mdomo iliyotamaniwa kuliko zote ilikuwa beni, inayokamuliwa kwenye maua ya mmea wa kartamu. Ikipakwa tabaka juu ya tabaka, wekundu wake hugeuka na kumeta kijani chenye dhahabu. Kwa kuwa ilihitaji rangi nyingi, ni wenye fedha, waigizaji na wanawake wa majumba ya starehe walioimudu. Wanawake wa kawaida wakapata njia yao: walitangulia kupaka wino mweusi wa kuandikia midomoni, kisha wakaweka beni kidogo tu juu yake. Mng'ao ukatokea kwa sehemu ndogo ya gharama. Wanaojipaka penseli nyeusi chini ya rangi ya mdomo ili iwe nzito zaidi wanaifuata kanuni hiyo hiyo.

Maybelline ina asili ya namna hiyo. Huko Chicago, kijana Thomas Lyle Williams alimwona dada yake Mabel akipaka kope na nyusi mchanganyiko wa vaselini na makaa yaliyosagwa, kuziba pengo la nywele zilizoungua. Mwaka 1915 akaanzisha biashara kutokana na mbinu hiyo ya jikoni, na miaka ya 1930 wanja wake wa kope ulikuwa ukiuzwa kwa senti 10 katika maduka ya bidhaa ndogondogo. Maskara hiyo haikushuka kutoka kasri kwenda mtaani. Ilianzia nyumbani, ikaingia dukani, na baadaye ndipo ikapewa visanduku vya dhahabu.

Pwani yetu haikuwa nyuma. Bibi harusi wa Unguja, Mombasa au Lamu alisingwa kwa siku kadhaa kabla ya kutolewa. Singo ilitengenezwa kwa vitu vya uani na vya duka la karibu: asumini, mawaridi, langilangi, liwa iliyosagwa juu ya jiwe kwa maji ya marashi, na manjano. Hina ilikuwa majani ya mhina yaliyotwangwa, yakalowekwa kwa ndimu na kuachwa usiku kucha ili yatoe rangi. Jirani zetu wa Ngazija wanajipaka msindzano, na wale wa kaskazini mwa Msumbiji wanajipaka mussiro, vyote viwili vikiwa ni mti uliosagwa na kuchanganywa na maji. Hakuna mwari aliyeonekana duni kwa sababu urembo wake ulitoka uani. Kilichopimwa kilikuwa mkono wa aliyeutengeneza.

Jibu la pwani: mtu

Hapo ndipo tunapoliona jibu la jadi yetu. Aliyedhamini kipodozi alikuwa mtu mwenye jina. Somo au kungwi aliyemsinga mwari ndiye aliyechagua maua, ndiye aliyesaga liwa au aliyemtuma anayemwamini, na ndiye aliyeipaka kwa mikono yake. Angekuwepo siku ya harusi na angekuwepo mwaka ujao. Ngozi ya mwari ikiungua, jina linaloharibika ni la somo, katika mtaa ule ule anaotegemea kuitwa tena. Huo ni udhamini mzito, na haukuhitaji karatasi wala muhuri.

Lakini udhamini wa mtu una mpaka: unafika pale tu ujuzi wake unapofika. Somo alijua asumini iliyonyauka na liwa iliyochanganywa na vumbi la mbao. Hakuwa na njia ya kuiona risasi ndani ya wanja wa manga. Na siku kitu kipya kilipoingia kwa sura ya kitu cha zamani, imani ya watu ilihamia kwa kitu hicho bila kuulizwa swali.

Kitu hicho ni piko. Hina ya asili hutoa rangi ya machungwa inayokolea hadi hudhurungi, nayo huchukua saa nyingi. Piko hutoa weusi mkali kwa muda mfupi, na maua yake yanapendeza sana juu ya mkono. Weusi huo kwa kawaida hutokana na unga wa kutia nywele rangi, wenye kemikali iitwayo parafenilinidiamini, kwa kifupi PPD. Kwa baadhi ya watu kemikali hii huchoma ngozi na kutoa malengelenge yanayofuata mistari ya maua yenyewe, na mwili ukishaikataa, huikataa maisha yote. Mtu huyo akija kutia nywele rangi miaka mingi baadaye, uso unaweza kumvimba vibaya. Kanuni za Ulaya zinairuhusu PPD katika rangi ya nywele, isizidi asilimia 2 baada ya kuchanganywa. Kuipaka ngozini hakuruhusiwi. Mpambaji wetu anaipaka kwa upendo na ustadi, na bibi harusi anaipokea kwa kuwa anamwamini mpambaji. Imani ipo mahali pake. Taarifa ndizo zilizokosekana.

Jibu la Magharibi: sheria iliyofuata msiba

PPD hiyo hiyo ilibadilisha historia ya vipodozi vya Marekani. Sheria ya mwaka 1906 ya chakula na dawa haikugusa vipodozi hata kidogo. Mwaka 1933 rangi ya kope iliyoitwa Lash Lure, yenye kemikali hiyo, iliwajeruhi wanawake macho, na mmoja wao akapofuka. Maofisa wa serikali hawakuwa na uwezo wa kisheria wa kuiondoa dukani. Waliandaa maonyesho ya bidhaa zilizodhuru watu, picha za macho ya mwanamke huyo zikiwemo, na watu wakayaita maonyesho hayo Chumba cha Vitisho. Mwaka 1938 Rais Franklin Roosevelt alitia saini sheria mpya ya chakula, dawa na vipodozi.

Sheria hiyo ilikuwa hatua kubwa, lakini ilibaki na mapengo kwa miaka 84. Ni mwaka 2022 tu ambapo mamlaka ya Marekani ilipewa nguvu ya kuamuru kipodozi cha hatari kirudishwe kutoka sokoni na kuvitaka viwanda vijisajili. Ulaya ilikwenda mbali zaidi mapema. Kanuni yake namba 1223 ya mwaka 2009, iliyoanza kutumika kikamilifu Julai 2013, inataka kila kipodozi kiwe na mhusika anayewajibika ndani ya Umoja wa Ulaya, jina na anwani yake viandikwe kwenye kifungashio, na jalada la usalama wa bidhaa litunzwe kwa miaka 10 baada ya shehena ya mwisho kuingizwa sokoni.

Matokeo yake kwa mwanamke wa kipato cha chini ni makubwa. Essence, chapa ya Ujerumani iliyoanza mwaka 2002 na kujulikana kwa bei ndogo, inabanwa na kanuni ile ile inayoibana Chanel. Wanja wa msichana wa shule na wanja wa tajiri wa Paris vinapita mlango mmoja wa usalama. Anayechagua kati yao anachagua rangi, kifungashio, harufu na fahari. Halazimiki kuchagua kati ya jicho zima na jicho bovu.

Udhaifu wa jibu hili ni kwamba sheria ilikuja baada ya watu kuumia, na kwamba haimjui mtu. Inajua asilimia na lebo. Haitamwambia mwari kwamba rangi hii haimfai.

Jibu la Japani: jumuiya ya wanawake

Kati ya majibu yote matatu, la Japani ndilo linalonivutia zaidi, na sijui kwa nini halisimuliwi kwetu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, vipodozi vya makampuni makubwa ya Japani viliuzwa kwa bei zilizopangwa na watengenezaji wenyewe. Sheria iliwaruhusu kumzuia mwenye duka asipunguze bei, na ruhusa hiyo ilidumu hadi mwaka 1997. Katika miaka ya 1960 kampuni moja ndogo ilitoa vipodozi vya yeni 100. Watu waliuliza swali ambalo hata sisi tungeuliza: kitu cha bei hiyo kinawezaje kuwa kizuri?

Jibu lilitoka kwa muungano wa taifa wa vyama vya wanawake vya mikoani, Zen Chifuren. Ulikuwa muungano wa akina mama wa mijini na vijijini waliopigania bei za haki na bidhaa salama. Ulikubali kushirikiana na kampuni ile, na mwaka 1968 vipodozi hivyo vikaanza kuuzwa kwa jina la Chifure, lililotokana na jina la muungano wenyewe. Wanawake waliweka heshima yao juu ya kopo.

Kampuni nayo ilibeba sehemu yake. Ilichapisha viambato vya bidhaa zake, kiasi cha kila kimoja, na kazi kinayoifanya: hiki ni cha kulainisha, hiki ni cha kuzuia kuoza, hiki ni cha rangi. Serikali ya Japani ilikuja kuyalazimisha makampuni yote kuorodhesha viambato mwaka 2001, na hata hivyo haikudai kiasi. Chifure pia ilianza mapema kuuza vya kujazia, ili mtu asilipie kopo jipya kila mara. Bei ilishuka kwa sababu zilizoonekana wazi: kopo la kawaida, matangazo machache, hakuna zawadi za kuvutia wanunuzi. Mnunuzi aliona fedha yake inakwenda wapi.

Heshima hiyo kwa kitu cha bei ndogo haijapotea. Canmake na Cezanne, zinazouzwa katika maduka ya dawa ya Japani, hununuliwa na wanafunzi na pia na wanawake wenye vyeo, bila mtu kuficha boksi. Huko, kuchagua kitu kizuri cha bei nafuu kunachukuliwa kuwa ujuzi.

Ukiyaweka majibu matatu pamoja, unaona kwamba kila moja linaziba pengo la jingine. Pwani ilimtegemea mtu, ambaye yuko karibu lakini haoni kila kitu. Magharibi iliitegemea dola, inayoona vingi lakini huchelewa na kukaa mbali. Japani iliongeza jumuiya, iliyo karibu kama somo na yenye nguvu ya kudai taarifa kama dola. Hakuna hata moja kati ya jadi hizi iliyotumia bei kama mdhamini. Bei hugeuka mdhamini pale tu wadhamini wengine wanapokosekana.

Bei inalipia nini hasa

Kisha kuna swali la ubora. Hapa ukweli una pande mbili, na chapa za bei nafuu hazistahili sifa ya jumla wala lawama ya jumla.

Upande wa kwanza ni kwamba vya ghali na vya bei nafuu mara nyingi vina baba mmoja. Bourjois, iliyoanzia Paris mwaka 1863 kwa kuwatengenezea waigizaji wa majukwaani, na biashara ya manukato na vipodozi ya Chanel, zilikuwa mikononi mwa familia moja, Wertheimer, kwa miongo mingi hadi Bourjois ilipouzwa kwa Coty mwaka 2015. L'Oréal inamiliki Lancôme tangu 1964, Maybelline tangu 1996 na NYX tangu 2014. Viwanda kama Intercos ya Italia na Cosmax ya Korea Kusini hutengeneza vipodozi kwa niaba ya chapa nyingi za daraja tofauti. Hii haina maana kwamba yaliyomo ni yale yale. Ina maana kwamba ujuzi wa kutengeneza maskara nzuri si siri ya matajiri, na kwamba sehemu kubwa ya pengo la bei ni kopo zito, nafasi kwenye duka la fahari, na uso wa nyota kwenye tangazo.

Kwa maskara sioni sababu ya kulipa zaidi. Inashauriwa itupwe baada ya miezi mitatu hivi, kwa kuwa brashi inaingia na kutoka ikibeba vijidudu vya macho. Mwenye maskara ya ghali huona uchungu kuitupa, akaendelea kuikamua mwaka mzima. Mwenye ya bei nafuu huitupa kwa wakati wake, na jicho lake hufaidika. Wanja wa penseli, rangi ya kucha na mafuta ya midomo yanayong'aa viko katika kundi hilo.

Upande wa pili unatuhusu sisi Waafrika moja kwa moja, na hapa chapa za bei nafuu zilitenda dhuluma ya kweli. Fandesheni hupata rangi yake kwa kuchanganya titani dioksidi nyeupe na oksidi za chuma: nyekundu, njano na nyeusi. Kutengeneza rangi ya ngozi nyeusi vizuri kunataka nyeupe ipungue sana na uwiano wa nyekundu na njano upatikane. Kwa ngozi nyeusi sana huhitajika hata buluu kidogo. Kampuni inayobana gharama hutengeneza rangi nane za weupe, kisha huongeza nyeusi ndani ya mchanganyiko ule ule na kuiita rangi yetu. Ikipakwa, uso unakuwa wa majivu.

Wanawake weusi wa Marekani waliijua shida hii zamani. Katika maonyesho ya mavazi ya Ebony Fashion Fair, yaliyoanza mwaka 1958, wanamitindo walilazimika kuchanganya fandesheni wenyewe ili zifanane na ngozi zao. Kutokana na hilo, Eunice Johnson na mumewe walianzisha vipodozi vya Fashion Fair mwaka 1973, vilivyouzwa katika maduka makubwa ya fahari. Iman, mzaliwa wa Mogadishu, alianzisha chapa yake mwaka 1994. Rihanna alipozindua Fenty Beauty Septemba 2017 na rangi 40 kwa mara moja, makampuni mengine yaliona aibu na hasara ya kutokuwa na rangi hizo, na chapa za bei nafuu nazo zikapanua orodha zao. Kwa miaka mingi, basi, mwanamke mweusi alilazimishwa kulipa zaidi ili tu apate rangi ya shingo yake mwenyewe. Chapa ya bei nafuu isiyo na rangi yako haijakuokolea kitu, kwa maana fedha uliyotoa imekwenda bure.

Kwa hiyo hukumu yangu inagawanyika kulingana na bidhaa. Ipe chapa ya bei nafuu nafasi ya kwanza katika kila kinachokwisha au kuharibika haraka. Katika fandesheni, uaminifu wako uwe kwa rangi, popote utakapoikuta, na uipime taya hadi shingo kwenye mwanga wa jua, wala si mgongoni mwa kiganja ndani ya duka lenye taa.

Soko letu na mdhamini aliyekosekana

Nchi zetu hazikosi sheria. Viwango vya pamoja vya Afrika Mashariki, EAS 377, vinaorodhesha viambato vilivyopigwa marufuku katika vipodozi. Tanzania ilihamishia usimamizi wa vipodozi kwa Shirika la Viwango, TBS, mwaka 2019, na Kenya ina alama za ubora za KEBS. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, uliosainiwa Japani mwaka 2013 na kuanza kutumika 2017, uliweka kikomo cha zebaki katika vipodozi. Mwaka 2023, mjini Geneva, nchi wanachama zilikubaliana kuviondoa kabisa vyenye zebaki iliyoongezwa ifikapo 2025. Hata hivyo mkorogo wa zebaki na hidrokwinoni bado unauzwa, mara nyingi bila jina la mtengenezaji wala anwani, na wakati mwingine kwa bei ya juu kwa sababu unaahidi weupe wa haraka.

Feki ni balaa jingine la aina hiyo. Aprili 2018 polisi wa Los Angeles walikamata vipodozi bandia vya thamani ya dola laki saba hivi katika mitaa ya biashara ya mji huo, na vipimo vilikuta bakteria na uchafu wa kinyesi ndani yake. Majina yaliyoigwa yalikuwa ya chapa zinazotamaniwa. Mwigaji hapotezi muda wake kwa kopo lisilo na faida. Jina kubwa kwenye bidhaa ya bei ya kutupa ndilo linalopaswa kumtia mtu shaka zaidi ya vyote. Chapa ndogo yenye jina lake halisi, namba ya shehena, orodha ya viambato na anwani ya mwagizaji ina mtu wa kuulizwa. Feki haina wa kuulizwa.

Dharau yetu kwa vya bei nafuu imewaumiza hata watengenezaji wetu. Katika miaka ya 1990 Paul Kinuthia alianza kutengeneza shampuu jijini Nairobi kwa mtaji mdogo, na biashara yake ikakua hadi kuzaa Nice & Lovely, losheni za watu wa kawaida. Waliokimbilia vya ng'ambo waliziona za daraja la chini. Mwaka 2013 L'Oréal ilipotaka kupanua biashara yake Afrika Mashariki, ilizinunua. Thamani ambayo wengi wetu tuliikataa kwa sababu ya bei, wageni waliiona kwenye hesabu.

Tunachokosa ni kile Wajapani walichokijenga mwaka 1968: watu wa kusimama katikati ya sheria na ngozi. Nasi tunao watu hao. Vikoba vya Tanzania na vyama vya akina mama vya Kenya vimezoea kusimamia fedha kwa uaminifu ambao benki nyingi zinauonea wivu. Wapambaji wetu, warithi wa somo na kungwi, wanazijua ngozi za wateja wao kuliko maabara yoyote. Chama cha wapambaji wa mji mmoja kikikubaliana kutonunua kipodozi kisicho na orodha ya viambato, kikakataa PPD juu ya ngozi, kikajulisha wanachama bidhaa zilizopigwa marufuku na TBS au KEBS, na kikatangaza kwa jina lake chapa za bei nafuu kilizoziridhia, mwanamke wa kipato cha chini atakuwa amepata mdhamini. Hapo bei ndogo itarudi kuwa neema inayostahili kuwa.

Namwomba kila anayenunua vipodozi aanze na maswali matatu, hata kabla chama hicho hakijaundwa. Nani ametengeneza kitu hiki, na anapatikana wapi? Ndani yake mna nini? Na kikiniumiza, ni nani atakayejibu? Kipodozi cha shilingi elfu tatu kinachojibu maswali hayo kina heshima ya kutosha kukaa juu ya meza yoyote ya kujipambia. Cha laki tatu kisichoyajibu, kiache dukani.